Kufuli Nne, Idara Tatu

Inspekta Odilia Mkangamo alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wa ofisi: alipenda kuwahoji watu mbele ya chai. Alidai kwamba mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hawezi kukwepa maswali vizuri, maana nusu ya akili yake inaangalia asijiunguze. Lakini wakubwa watatu waliokaa naye asubuhi ile ya Alhamisi, Januari 1999, hawakuwa na hamu ya chai hata kidogo. Walitaka mtu afungwe, na ikiwezekana afungwe kabla ya chakula cha mchana.

Mtu mwenyewe alikwishapatikana. Alikuwa Verediana, mtunza stoo wa Kituo cha Mpunga cha Likolongo, nje kidogo ya mji wa Ifakara, na tangu Jumatatu alikuwa mahabusu. Jumatatu hiyo stoo ya mbegu ilifunguliwa ikakutwa tupu. Magunia yote ya mbegu mpya ya mpunga yalikuwa yametoweka, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Kesho Ijumaa Verediana angepandishwa kizimbani. Jumamosi alitakiwa kufunga ndoa kanisani na Viktor, fundi baiskeli. Mama yake Viktor alikwishatamka mbele ya soko zima kwamba hawezi kumkaribisha mwizi jikoni kwake, na msichana akifika mahakamani tu, ndoa hakuna. Kwa hiyo Odilia hakuwa na wiki ya kupeleleza. Alikuwa na leo.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza akimimina chai.

"Mimi," walijibu watu watatu kwa pamoja.

Koplo Twalib, dereva wake, aliinamia sahani ili asionekane akicheka. Idi ilikuwa imepita juzi tu, na baada ya mwezi mzima wa kufunga Twalib alikuwa ameonana tena na vitumbua vya asubuhi. Hakuwa na haraka ya kuondoka popote.

"Kituo hiki ni cha Utafiti," alisema Dokta Fidel, mtu mrefu mwenye miwani, aliyeizalisha mbegu hiyo kwa miaka mingi ya kupanda na kuchagua. "Mimi namtii mkurugenzi wa kanda, na yeye anamtii mkurugenzi wa idara yetu kule Dar es Salaam. Majengo ni yetu, mashamba ni yetu, na mbegu ni yetu."

"Ilikuwa yenu," alidakia Bwana Hermenegildi, mkaguzi wa mbegu, ambaye hata kola yake ilikuwa imekaguliwa. "Mbegu ikishaingia stoo haiko kwa Utafiti tena. Iko kwangu mpaka niipime uotaji na niipitishe. Na mimi simtii mtu yeyote wa kanda."

"Halafu ikiwa na mdudu hata mmoja, iko kwangu," alisema Bibi Edna wa Afya ya Mimea. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza. "Inspekta, hawa kaka zangu watakuzungusha mpaka jioni. Ngoja nikuonyeshe."

Akavuta birika katikati ya meza. "Hii ni Wizara ya Kilimo." Akaweka vikombe viwili mbele ya birika. "Hiki ni Idara ya Utafiti, hiki ni Idara ya Mazao. Mbele ya kikombe cha Utafiti kuna kanda, na ndani ya kanda kuna vituo kama hiki cha Dokta." Akaweka kitumbua. "Mbele ya kikombe cha Mazao kuna vitengo, na kila kimoja hujiita idara. Huyu ni Hermenegildi na ukaguzi wake." Kitumbua cha pili. "Huyu ni mimi." Cha tatu, na akachagua kikubwa. "Na hapa palikuwa na Ugani, yaani mabwana shamba wanaokaa na wakulima vijijini." Akaweka kitumbua cha nne.

"Palikuwa?" aliuliza Odilia.

"Tangu Julai wamehamishiwa halmashauri ya wilaya. Siku hizi bosi wao ni mkurugenzi wa wilaya, na bosi wa huyo yuko wizara nyingine kabisa. Sisi hawatuhusu."

Edna akakisukuma kitumbua cha Ugani mpaka ukingoni mwa meza, mbali na birika. Twalib alikitazama, akawatazama wakubwa, akaona hakina mwenyewe, akakila.

"Na Verediana?" aliuliza Odilia. "Yeye ni wa kitumbua gani?"

Dokta Fidel alisafisha miwani. Hermenegildi alinyoosha kola iliyokuwa imenyooka.

"Aliletwa na mradi," alisema Edna hatimaye. "Mradi ukaisha, yeye akabaki."

"Kwa hiyo hana idara."

"Kwa maana hiyo, hana."

Odilia alianza kuielewa kesi hii vizuri zaidi. Katika nchi hii mtu asiye na idara anaweza kusingiziwa hata mvua, kwa sababu hakuna mkubwa atakayepiga simu kuuliza. Alikasirika kidogo, akaongeza sukari.

"Nielezeni tena kwa nini ni yeye."

"Sababu ni mbili," alisema Hermenegildi kwa furaha ya mtu aliyepewa zamu yake. "Kwanza, stoo haifunguki bila sisi watatu kuwepo. Kila ofisi ina kufuli yake na ufunguo wake. Mtu pekee anayeingia ofisi zetu zote tatu kila siku ni Verediana. Alichukua funguo, akachongesha zake. Pili, nyumbani kwake polisi wenzako wamekuta gunia la mchele. Alikoboa mbegu yetu ili alishe harusi!"

"Bibi Edna," alisema Odilia, "mbegu ile uliiweka dawa?"

"Mwezi wa kumi, siku ilipoingia stoo. Dawa nyekundu, ukishika vidole vinabaki vyekundu siku nzima."

"Mtu akipika mbegu hiyo akaila?"

"Mungu apishe mbali! Atalazwa, kama si zaidi ya hapo."

"Jana mchana mimi na Koplo tulipika wali kutoka kwenye gunia lile," alisema Odilia. "Mchele mweupe kama pamba. Koplo alikula sahani ngapi?"

"Nilipoteza hesabu, afande," alisema Twalib kwa heshima.

"Na mnamwona. Sababu yako ya pili imekufa, Bwana Hermenegildi. Twendeni tukaiangalie ya kwanza."

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi, jengo refu la bati lenye mlango wa chuma wa mabawa mawili. Kila bawa lilikuwa na pete nene. Mnyororo ulipita katika pete zote mbili, na ncha zake zilikuwa zimeunganishwa kwa kufuli. Haikuwa kufuli moja. Zilikuwa zimening'inia kwa mfuatano, moja imeshika mnyororo, ya pili imeshika ya kwanza, ya tatu imeshika ya pili, mpaka ncha nyingine ya mnyororo. Odilia alizihesabu. Akazihesabu tena, kisha akamwita Twalib naye ahesabu.

"Nne," alisema Twalib.

"Idara tatu, kufuli nne," alisema Odilia. "Hii ya nne ni ya nani?"

Dokta Fidel alimtazama Hermenegildi. Hermenegildi alimtazama Edna. Edna alimtazama Dokta Fidel.

"Mimi nilidhani ni ya Edna," alisema Hermenegildi. "Afya ya Mimea wana vitu vingi vya kufungia."

"Nina kufuli moja tu! Nilidhani Utafiti wameweka mbili, kwa kuwa wanajiona wenye nyumba."

Dokta alitikisa kichwa. Kumbe kwa miezi yote hiyo kila mmoja aliamini kufuli ile ni ya jirani, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza ni kuonyesha kwamba hujui mambo ya ofisi yako.

"Sawa. Nionyesheni mlivyofungua Jumatatu."

Walimwonyesha, na ilikuwa sherehe kamili. Walijipanga kwa vyeo. Dokta Fidel alitangulia, akahangaika na ufunguo kwa muda maana mvua zimezila kufuli kwa kutu, akafungua ya kwake, akarudi nyuma hatua moja akiwa ameushika mnyororo usianguke. Hermenegildi akafuata, akahangaika vilevile, akafungua, akarudi nyuma. Kisha Edna. Wakati wote huo hakuna aliyegusa mlango. Kuuvuta mlango kabla mwenzako hajafungua kufuli yake kungekuwa dharau kwa idara nzima, na wangeandikiana barua mpaka Pasaka. Edna alipomaliza, Dokta aliuachia mnyororo ukaanguka, na wote watatu waliuvuta mlango kwa pamoja, ukafunguka.

Odilia aliinama akaokota mnyororo chini. Kwenye ncha yake ilikuwa bado imening'inia kufuli ya nne, imefungwa.

"Hii nani ameifungua?"

"Hakuna," alisema Dokta.

"Na mlango?"

"Umefunguka."

Alilisema neno hilo, kisha akalisikia. Miwani ilimshuka puani.

"Fungeni tena zote," alisema Odilia, akifurahi waziwazi kama mtoto. "Sasa Dokta, fungua ya kwako peke yake. Wengine msiguse kitu."

Dokta alifungua ya kwake. Mnyororo mzima ulianguka chini kwa kishindo, na mlango ukajiachia wenyewe. Wakafunga tena. Hermenegildi akafungua ya kwake peke yake, mnyororo ukaanguka. Edna akafungua ya kwake, mnyororo ukaanguka, na Edna akaanza kucheka mpaka ikabidi ashike ukuta.

"Miaka yote!" alisema huku akifuta machozi. "Miaka yote tunasubiriana, huyu amekwenda semina, yule ana homa, kumbe ufunguo mmoja tu ulitosha!"

Lakini Hermenegildi hakucheka. Alikuwa anafikiri, na alikuwa anafikiri vizuri.

"Basi imekuwa mbaya zaidi kwa msichana, Inspekta. Kumbe hakuhitaji kuchonga funguo tatu. Alihitaji kuiba mmoja."

Twalib aliacha kutabasamu. Jambo lile lilikuwa kweli, na hakimu angeliona kesho bila kusaidiwa na mtu. Odilia alizikusanya kufuli nne mkononi akazitazama. Tatu zilikuwa kavu, zimeota kutu nyekundu kwenye tundu la ufunguo. Ya nne ilikuwa inang'aa. Alipitisha kidole kwenye tundu lake, kikatoka cheusi.

"Koplo, nusa."

Twalib alikuwa ameshinda chini ya magari tangu kabla ya vita vya Kagera. Alinusa mara moja.

"Oili chafu, afande. Ya injini ndogo, imechanganyika na petroli. Pikipiki hiyo."

"Nani hapa ana pikipiki?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Hermenegildi alikuja kazini kwa baiskeli. Edna alitembea. Land Rover ya Dokta ilikuwa juu ya mawe tangu Novemba, ikisubiri kibali cha kununua betri.

"Mtu ameitia kufuli hii oili ili ifunguke kwa urahisi, na si zamani, maana mvua haijaiosha," alisema Odilia. "Wezi hawatunzi kufuli, wanazikata. Huyu anaitunza kwa sababu ni yake. Ana ufunguo wake halali. Zamani alikuwa mmoja wenu, ndiyo maana kufuli yake iko hapa. Siku hizi si mmoja wenu, ndiyo maana hamkumkumbuka. Na serikali ilimpa pikipiki." Alimgeukia Twalib. "Koplo, unakumbuka kile kitumbua ulichokula?"

Twalib alishika tumbo kwa mshtuko. "Ugani!"

"Teofili," alisema Edna polepole. "Bwana shamba wa Mchombe. Walipohamishwa, hakuna aliyemwomba arudishe ufunguo."

"Hakukuwa na ofisi ya kuupokea," alisema Dokta Fidel.

Barabara ya Mlimba ilikuwa imekufa kwa matope, kwa hiyo Odilia na Twalib waliomba lifti kwenye treni ya mizigo ya TAZARA, wakakaa na walinzi wa behewa la mwisho. Walishuka kituo cha jirani na Mchombe jua likiwa bado juu. Kijiji kilikuwa karibu kitupu. Msimu wa mpunga watu wa bonde hufunga nyumba zao wakahamia mashambani, mbugani kabisa, na kuku, na sufuria, na bibi, na redio isiyo na betri. Huko hujenga vibanda vya nyasi wakakaa mpaka mpunga uive. Habari za mjini haziwafikii, nao hawazitamani sana. Mzee aliyebaki kulinda nyumba aliwaonyesha njia, na baada ya kuvuka maji ya magotini mara mbili walisikia kelele za watu wakiimba na kutaniana.

Mtu wa kwanza kuwaona alikuwa mwanamume mfupi, suruali imekunjwa mapajani, matope mpaka kwenye nyusi. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa chini ya kibanda imefunikwa turubai vizuri kuliko mtoto mchanga. Aliwaendea mbio huku amenyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo mama! Shikamoo afande! Karibuni, karibuni sana! Mmekuja kuona mbegu?"

Odilia alikuwa amejiandaa kwa mtuhumiwa atakayekimbia. Hakuwa amejiandaa kwa huyu.

"Marahaba. Wewe ndiye Teofili?"

"Ndiye mwenyewe. Njooni huku, msikanyage hapo, ndiyo imechomoza. Tazama! Tazama, mama!"

Mbele yao shamba lilikuwa limeanza kuota. Miche ilikuwa midogo, urefu wa kidole, lakini ilikuwa imesimama yote, mstari kwa mstari, kijani safi kutoka kibanda kile mpaka kwenye matete. Upande wa pili mwanamke mrefu aliyejifunga khanga mbili aliwapungia mkono. Huyo alikuwa Aurelia, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mbegu, na trekta la kukodi lililolima lilikuwa bado limekwama kwenye tope nyuma yake, na hakuna aliyelijali.

"Teofili," alisema Odilia, "mbegu hii umeitoa wapi?"

"Likolongo. Siku ya Mapinduzi, wiki iliyopita."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Wote watatu!" Teofili alishangaa swali lenyewe. "Desemba nilikwenda kwa Dokta, nikamwambia mvua hizi zikipita, msimu umekwenda, mbegu itazeekea stoo. Akasema, mimi sina neno, muulize Hermenegildi. Nikamwuliza Hermenegildi. Akasema, mimi sina neno, muulize Edna. Edna akasema, dawa nimeshaweka, muulize Dokta. Nikawaambia, haya, mkikubaliana mniachie mlango. Basi siku ya Mapinduzi nikapita na trekta walilokodi akina Aurelia. Kituoni hapakuwa na mtu, mpaka mlinzi alikwenda uwanjani kwenye sherehe. Nikasema, nijaribu. Nikaitia kufuli yangu oili kidogo, nikafungua. Mnyororo ukaanguka wenyewe chini! Nikasema, Mungu mkubwa, leo wamekubaliana!"

"Hukuona kwamba kufuli zao zimefungwa?"

"Mama, nilikuwa na furaha. Nani anaangalia kufuli akiwa na furaha? Nilijua wenzangu wameshafungua za kwao kama desturi yetu, imebaki yangu. Tukapakia. Nikafunga vizuri, nikaondoka. Nikajisemea, nitawashukuru nikitoka shamba."

Twalib alikuwa amegeuka upande, mabega yakimtetemeka. Odilia mwenyewe aliuma midomo. Kwa miezi mitatu idara tatu zilishindwa kupeleka mbegu mbugani, na ikapelekwa na mtu aliyedhani kwamba kwa mara ya kwanza zimeelewana.

"Teofili, Verediana yuko mahabusu kwa ajili ya magunia haya. Kesho anapelekwa mahakamani."

Furaha ilimtoka bwana shamba usoni kama maji yaliyomwagwa.

"Vere? Vere wa stoo? Yule anaolewa Jumamosi?" Hakungoja jibu. Aliingia shambani, akachimba miche kadhaa na udongo wake, akaitia ndani ya kopo la samli. "Twendeni. Twendeni sasa hivi. Kama ni kufungwa nifungwe mimi."

Hawakupata treni ya kurudi. Walipata kiberenge cha mafundi wa reli, kile kigari kidogo kinachokimbia juu ya njia ya treni, na wakarudi Ifakara wamekaa migongo imegusana, upepo ukiwapiga, Teofili amekumbatia kopo lake. Katikati ya safari mafundi walianzisha wimbo, na Twalib, ambaye hakujua maneno, aliimba kwa sauti kuliko wote.

Ijumaa asubuhi wakubwa watatu waliitwa kituo cha polisi. Mkuu wa kituo alikuwa amekwishatayarisha gari la kwenda mahakamani, na Verediana alikuwa amekaa kwenye benchi la kaunta na pingu mikononi. Alikuwa msichana mwembamba, na alikaa wima sana.

Odilia hakutoa hotuba. Aliweka kopo juu ya kaunta.

Dokta Fidel ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinama, akaivua miwani, akaigusa miche kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameisubiri kwa miaka, kwenye viwanja vidogo vya majaribio, akiihesabu mmoja mmoja, na hajawahi kuiona imetoka kwenye shamba la mkulima.

"Imeota?" aliuliza.

"Yote, Dokta," alisema Teofili, bado na matope ya jana. "Mchombe nzima imeota. Karibu hakuna punje iliyokataa."

"Uotaji kiasi gani?" aliuliza Hermenegildi kwa ukali, kisha ukali ukamwisha katikati ya swali. Naye akainama. "Lakini hii... hii naweza kuikagua palepale shambani. Ndiyo kazi yenyewe. Sijakanyaga shamba tangu nilipohamia huku." Alianza kutabasamu, na ikaonekana wazi kwamba hana mazoezi ya jambo hilo.

"Basi hakuna wizi," alisema Odilia. "Kuna mbegu iliyokwenda ilikotakiwa kwenda, kwa mkono wa mtu mwenye ufunguo halali. Mkuu wa kituo anahitaji mlalamikaji aseme malalamiko yamekwisha. Nani mlalamikaji?"

Dokta alisema stoo ni ya Ukaguzi. Hermenegildi alisema jengo ni la Utafiti. Verediana aliwatazama, na safari hii wote watatu walimwona anavyowatazama.

"Mimi," alisema Bibi Edna kwa sauti yake ya kwaya. "Mimi mlalamikaji, na malalamiko yamekwisha. Na nimekosa. Nisamehe, mwanangu."

"Na mimi," alisema Dokta Fidel.

"Na mimi pia," alisema Hermenegildi. "Niliongea sana."

Mkuu wa kituo alifungua pingu. Twalib alikwenda kufungua mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye migomba, ili msichana aondoke bila kutazamwa. Verediana alisimama, akasugua mikono yake, lakini hakwenda upande ule.

"Jumatatu nilipitishwa sokoni," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema asubuhi ile. "Mchana kweupe, na pingu, watu wote wakiona. Sitatokea nyuma. Nitarudi kwa njia ileile, mchana, na hawa wakubwa wangu wote watembee na mimi."

"Ni haki yako," alisema Odilia, na alijivunia msichana yule kana kwamba alimzaa yeye.

Wakatoka. Verediana alikuwa mbele, Edna amemshika mkono wa kulia, Dokta mrefu upande wa kushoto akiwa amebeba kopo la miche, Hermenegildi na Teofili nyuma. Odilia na Twalib walifuata mbali kidogo, kwa kuwa polisi wakikaribia mno watu hawaelewi vizuri. Habari ilikimbia mbele yao. Wauza vitunguu walisimama. Kwenye banda la baiskeli Viktor aliangusha gurudumu, likabingirika mpaka barabarani, na yeye akabaki amesimama amejishika kichwa kwa mikono yenye grisi.

Lakini macho ya soko hayakuwa kwa Viktor. Yalikuwa kwa mama yake, aliyekuwa amekaa mbele ya sinia lake la samaki wa kukaanga, kwa sababu maneno yake ya wiki ile yalikuwa yanajulikana na kila mtu pale. Verediana alifika mbele ya sinia akasimama. Alipiga magoti kidogo.

"Shikamoo mama."

Mama Viktor alimtazama tangu miguu mpaka nywele zilizokaa mahabusu bila kusukwa. Aliwatazama wakubwa watatu wa serikali waliosimama nyuma yake kama watoto wa shule. Alichukua kipande cha kambale kilicho kikubwa kuliko vyote, akakifunga kwenye jani la mgomba, akanyanyuka, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye mashine ya kukoboa waliisikia:

"Marahaba, mkwe wangu. Umekula?"

Vigelegele vilianzia kwa wauza vitunguu, vikapokewa na wauza nguo, na Bibi Edna akavimalizia kwa wimbo. Verediana, ambaye hakutoa chozi siku zote za mahabusu, alilia palepale huku akitafuna, na Mama Viktor akamwongezea kipande kingine.